Kazi haikufa, imehama: mwongozo wa kutafuta ajira au kubadili fani wakati wa janga

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 sasa ni janga la dunia nzima, wengi tulidhani ni jambo la wiki chache. Waliopunguzwa kazini walikaa nyumbani wakingoja kupigiwa simu warudi. Dharura ya afya ya dunia iliyotangazwa kwa ajili ya ugonjwa huo ilikuja kuondolewa rasmi tarehe 5 Mei 2023, zaidi ya miaka mitatu baadaye.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ilikadiria kwamba saa za kazi zilizopotea mwaka 2020 peke yake zilikuwa sawa na ajira milioni 255 za kutwa nzima. Ndani ya ripoti hiyo kuna hesabu nyingine inayoniuma zaidi. Ajira zilizopotea kabisa zilikuwa milioni 114, na takriban milioni 81 kati ya hizo ni za watu ambao hata hawakuhesabiwa kuwa wanatafuta kazi. Walikuwa wametoka kwenye soko la ajira: wanaouguza, wanaolea watoto shule zikiwa zimefungwa, waliozuiwa kutoka nje, na waliokata tamaa. Nawaandikia hao kwanza, na yeyote atakayejikuta mahali pao mlipuko mwingine ukitokea.

Ninalotaka kusema ni moja: wakati wa janga, vyeo vingi hufa, lakini kazi iliyokuwa ndani ya vyeo hivyo huhamia kwingine. Anayetafuta cheo chake cha zamani hukuta milango imefungwa. Anayejua hasa mikono yake na akili yake vilikuwa vinafanya nini ana pa kubisha hodi.

Hatua ya 1: Ondoka ulikokuwa kwa utaratibu

Siku unayoambiwa kampuni inapunguza watu, akili hukimbilia kesho. Irudishe leo. Uliza, kwa maandishi, umewekwa kundi gani: likizo bila malipo, kusimamishwa kwa muda, au kupunguzwa moja kwa moja. Haya ni mambo matatu tofauti. Aliye kwenye likizo bila malipo bado ana mkataba, na huenda akahitaji ruhusa kabla ya kuanza kazi kwingine. Aliyepunguzwa yuko huru, na sheria za nchi nyingi humpa haki fulani: notisi, malipo ya siku za likizo alizobakiza, na pengine kiinua mgongo. Soma mkataba wako, uliza chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi, kisha ndipo utie saini karatasi yoyote inayosema huna madai tena. Kuomba siku mbili za kusoma karatasi si ukaidi.

Kusanya vyako: barua ya utumishi inayotaja cheo na tarehe, hati za mishahara za miezi ya mwisho, vyeti vya mafunzo uliyopitia. Chukua namba binafsi za msimamizi wako na za wenzako wawili watatu, maana barua pepe ya ofisi ikifungwa, anwani zote zinakwenda nayo. Hapo hapo waombe wawe wadhamini wako. Msimamizi anayekupunguza kwa shingo upande wiki hii bado anakumbuka vizuri ulichofanya. Baada ya miezi minane huenda naye hayupo. Orodha za wateja na nyaraka za siri za kampuni usiziguse.

Na uliza bima ya afya inakoma lini. Watu wengi husahau swali hili hadi siku wanapougua.

Hatua ya 2: Jua una miezi mingapi

Jumlisha akiba na malipo ya mwisho, gawanya kwa matumizi ya lazima ya mwezi. Jibu ni idadi ya miezi uliyo nayo, na ndiyo itakayoamua mwendo wako. Ikiwa ni chini ya mitatu, tafuta kazi mbili kwa wakati mmoja: ya kuvusha, itakayolipa chakula na pango, na ile unayoielekea. Kazi ya kuvusha haina aibu yoyote. Hatari yake ni kwamba huchosha, na aliyechoka haandiki maombi. Kwa hiyo itengee kazi unayoielekea muda wa saa moja kila asubuhi, akili ikiwa bado mbichi, hata kama ni siku tatu tu kwa wiki.

Unaodaiwa nao zungumza nao kabla hujakosa kulipa. Mwaka 2020 nchi nyingi ziliruhusu benki kuahirisha marejesho ya mikopo, na mara nyingi nafuu hiyo aliipata aliyeiomba.

Hatua ya 3: Vunja kazi yako vipande vipande

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu hatua nyingine zote zinaegemea hii.

Chukua karatasi. Usiandike cheo. Andika siku moja ya kazi, tangu kuingia hadi kutoka, saa kwa saa. Tuseme ulikuwa mpokea wageni hotelini. Utaandika hivi: saa moja asubuhi napokea zamu, nahesabu fedha za droo na kuzilinganisha na ripoti ya usiku. Saa mbili wageni wanaondoka. Mmoja analalamika ametozwa mara mbili, nakagua kwenye kompyuta, nakuta kweli, namrudishia, anaondoka ametulia. Saa nne simu hazikatiki, huyu anataka nafasi, yule anabadili tarehe. Mchana kundi la watu ishirini linafika kwa mkupuo na vyumba vitatu havijasafishwa. Nawapanga upya huku nikizungumza lugha mbili kwa zamu. Jioni nafunga hesabu, naandika ripoti, nakabidhi.

Sasa futa neno hoteli na usome kilichobaki. Kulinganisha fedha na kumbukumbu. Kumaliza malalamiko ya malipo. Kupanga miadi kwa simu na kompyuta. Kugawa nafasi chache kwa watu wengi bila ugomvi. Lugha mbili. Mambo hayo matano yanahitajika kwenye mapokezi ya hospitali, kwenye kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya simu, kwenye ofisi inayoratibu usafirishaji wa mizigo, kwenye kituo cha chanjo. Safari za watalii wa kimataifa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 70 mwaka 2020, na ajira za mapokezi hotelini zikaanguka nazo. Lakini simu ziliendelea kulia, mahali pengine tu.

Mwalimu akifanya zoezi hili ataona kwamba anachokijua ni kuchukua jambo gumu na kulipanga ili asiyelijua alielewe, na hiyo ndiyo kazi ya wanaoandaa mafunzo ya wafanyakazi. Fundi wa jukwaa la muziki ataona kwamba anajua nyaya, sauti na kuwa tayari kwa onyesho ambalo saa yake ya kuanza haisogezwi, na matangazo ya mtandaoni yanamhitaji mtu huyo.

Ukimaliza, mpe karatasi mtu aliyefanya kazi na wewe. Lile unaloliweza bila jasho ndilo unalosahau kuliandika, na yeye atakukumbusha.

Hatua ya 4: Tafuta kazi zimehamia wapi

Usianze na matangazo ya ajira. Anza na swali: watu wamezuiwa kufanya nini, na sasa wanakifanyaje? Hawaendi madukani, kwa hiyo maghala, usafirishaji na malipo ya simu vinakua. Machi 2020, ndege zikiwa zinaegeshwa, kampuni ya Amazon ilitangaza kuajiri watu 100,000, na mwezi uliofuata ikaongeza nafasi 75,000. Hawakutani ana kwa ana, kwa hiyo mikutano imehamia mtandaoni: Zoom, iliyokuwa na washiriki takriban milioni 10 kwa siku Desemba 2019, ilifika milioni 300 Aprili 2020. Nyuma ya kila mkutano kuna mtu wa kuwasaidia watumiaji waliokwama, mtu wa usalama wa mitandao, mtu wa kupanga ratiba. Na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo mbali na madaktari na wauguzi zinahitajika kazi za maabara, usafi wa hospitali, uandikishaji, na kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa.

Lakini jiulize hivi kabla ya kuomba: kazi hii ingekuwepo kama virusi visingekuwepo? Kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa ni kazi ya heshima, ila huisha mlipuko ukiisha. Ichukue kama daraja, huku ukijua ni daraja. Kuendesha ghala au kutunza kumbukumbu za wagonjwa kutaendelea.

Kama unataka kubadili fani kabisa

Usijiandikishe kwenye kozi ya mwaka mzima kwa sababu ya hofu. Kwanza zungumza na watu wawili wanaofanya kazi hiyo sasa, uwaulize siku yao ya jana ilikuwaje tangu asubuhi. Halafu ijaribu kwa udogo: anayetaka kuandika programu za kompyuta afanye masomo ya mwanzo ya tovuti ya freeCodeCamp, ambayo ni bure, kwa wiki tatu mfululizo. Anayetaka uhasibu aombe kumtunzia hesabu mfanyabiashara mdogo kwa mwezi mmoja. Ukikuta unasahau saa, endelea. Ukikuta unatafuta sababu ya kuahirisha, umejiokolea ada na miezi mingi.

Njia rahisi ya kuvuka ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Badili sekta ukiwa na kazi ile ile, au badili kazi ukiwa ndani ya sekta ile ile. Muuguzi anayetaka kuingia kwenye teknolojia ataanzia vizuri kwenye kampuni inayotengeneza programu za hospitali, kwa sababu kule uuguzi wake ndio unaotafutwa. Kubadili vyote viwili kwa mpigo kunawezekana, ila kunakurudisha mstari wa nyuma kabisa, sambamba na waliotoka chuoni jana.

Hatua ya 5: Andika wasifu upya

Ile karatasi ya saa kwa saa sasa inafanya kazi yake. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Nilikuwa na jukumu la kuhudumia wateja na kazi nyingine nilizopangiwa." Ya pili: "Nilipokea simu 50 hadi 60 kwa zamu, nilipanga na kubadili nafasi za wateja kwenye kompyuta, na nilifunga hesabu ya fedha kila jioni." Ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu yeyote. Ya pili imeandikwa na mtu aliyekuwepo. Tumia idadi zako za kweli. Kama huna uhakika, taja kiwango cha chini unachoweza kukitetea ukiulizwa.

Pengo la miezi usilifiche. Liandike kwa mistari miwili: "Aprili hadi Novemba: nilipunguzwa kampuni ilipofunga shughuli kwa sababu ya janga. Katika kipindi hicho nilimuuguza mzazi na kumaliza kozi ya awali ya uhasibu." Nenda mbele. Waajiri nao walikuwa kwenye dunia hiyo hiyo.

Waajiri wakubwa wengi hutumia programu kuchuja maombi kabla hayajasomwa na binadamu. Kwa hiyo tumia maneno yale yale yaliyo kwenye tangazo, pale yanapokuhusu kweli. Acha majedwali, picha na mapambo. Hifadhi kama PDF, na jina la faili liwe jina lako na kazi unayoomba. Kurasa mbili zinatosha.

Hatua ya 6: Waandikie watu wa mbali kidogo

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionesha jambo ambalo bado linashangaza: wengi waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu hawakuipata kwa rafiki wa karibu, bali kwa mtu wanayeonana naye mara moja moja. Rafiki wa karibu anajua unachokijua. Mtu wa mbali kidogo anatoka kwenye dunia nyingine, na habari zake ni ngeni kwako.

Hapo ndipo janga linapotuumiza kimya kimya. Tukikaa ndani, ndugu na marafiki wa karibu tunabaki nao kwenye simu. Wanaopotea ni wale tuliokutana nao kwenye ngazi, kwenye semina, kwenye foleni ya chakula cha mchana kazini: ndio hasa wenye habari za kazi. Kwa kuwa hamtakutana kwa bahati, itabidi uwatafute kwa makusudi. Andika majina thelathini. Kila siku ya kazi, watumie ujumbe wawili, kila mmoja wake. Ujumbe mmoja uliosambazwa kwa watu wote haujibiwi na yeyote.

Kwa msimamizi wa zamani unaweza kuandika hivi:

"Shikamoo kaka. Natumaini wewe na nyumbani mko salama. Tangu hoteli ifunge Machi niko nyumbani, natafuta kazi ya mapokezi au huduma kwa wateja, hasa hospitali au kampuni ya usafirishaji. Wewe umeniona nikifunga hesabu na kuwatuliza wageni waliokasirika, ndiyo maana nimekukumbuka. Kuna mtu unayemfahamu kwenye maeneo hayo ambaye ningeweza kuzungumza naye dakika kumi? Wasifu wangu huu hapa. Hata asipokuwepo, nashukuru sana, na kama kuna ninaloweza kukusaidia kipindi hiki, niambie."

Angalia ulichoomba: jina la mtu, si kazi. Kazi huenda hana ya kutoa, na ombi la kazi humfanya aone haya, akanyamaza. Jina la mtu analo karibu kila mmoja. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki, kisha mwache. Huenda naye anauguza.

Hatua ya 7: Usaili wa video

Nimewahi kukaa upande wa wanaosaili kwa video, na naweza kusema kwamba sauti mbaya humwangusha mtu kuliko picha mbaya. Vaa vipokea sauti vya waya vyenye kipaza sauti. Havikatiki kama visivyo na waya vinapoishiwa chaji. Kaa ukielekea dirishani, si ukiwa umelipa mgongo, la sivyo uso wako utakuwa kivuli. Pandisha kompyuta au simu janja juu ya vitabu hadi kamera ilingane na macho. Bandika karatasi ndogo kando ya kamera yenye mambo matatu usiyotaka kusahau, yakiwa na mfano mmoja mmoja.

Fungua kiungo cha mkutano siku moja kabla, kwa sababu programu nyingine hudai kusasishwa dakika unapoingia. Hakikisha bando linatosha saa mbili, hata kama usaili ni wa nusu saa. Omba namba ya simu ya anayekusaili mapema: intaneti ikikatika, usihangaike kujiunga tena kwa dakika kumi, mpigie ndani ya dakika moja na uendelee kwa sauti. Kama nyumbani kuna mtoto au mgonjwa, sema mwanzoni, kwa sentensi moja, kwamba huenda akasikika. Ukishasema, hata akilia huna sababu ya kutetemeka.

Akimaliza swali, hesabu moja mbili kimoyomoyo kabla ya kujibu. Sauti huchelewa mtandaoni, na wanaokatizana huonekana wakorofi bila kukusudia.

Ukiitwa ana kwa ana, vaa barakoa, na usione haya kuomba dirisha lifunguliwe. Ukiamka na homa au kikohozi, piga simu uahirishe. Mwajiri atakayekasirika kwa hilo amekuonesha mapema atakavyokutunza.

Matapeli

Janga huwaneemesha. Watu wana shida, ofisi zimefungwa, na hakuna anayeshangaa kuajiriwa bila kumwona mwajiri. Kwa hiyo shika haya bila kuyaonea huruma. Mwajiri wa kweli hakutozi fedha: si ya fomu, si ya mafunzo, si ya sare, si ya kipimo cha afya kinacholipwa kwenye namba binafsi. Usaili wote ukifanyika kwa ujumbe wa maandishi na kazi ikatolewa siku hiyo hiyo, ondoka. Ukitumiwa hundi yenye fedha nyingi kuliko mlizokubaliana na ukaombwa urudishe zilizozidi, hundi hiyo itakataliwa na benki baadaye, nawe utakuwa umetoa zako. Ukiombwa upokee vifurushi nyumbani na kuvituma mbele, huenda ni mali ya wizi. Kitambulisho na namba ya akaunti vitoe baada ya mkataba ulioandikwa. Na ipigie kampuni simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye ujumbe.

Hatua ya 8: Kabla ya kukubali, na wiki za kwanza

Uliza: mkataba ni wa muda gani, na unaweza kurefushwa? Kazi ya nyumbani itaendelea, au ni hadi amri zitakapolegezwa? Nani analipia intaneti na kompyuta? Nikiugua au nikitakiwa kukaa karantini, nalipwa? Kama ni kazi ya kuonana na watu, barakoa na vifaa vingine vya kinga vinatolewa na nani, na chumba kina hewa ya kutosha? Majibu yaombe kwa barua pepe. Kuuliza kuhusu afya yako na ya unaoishi nao ni haki yako, na sauti yako inaweza kuwa ya upole kabisa.

Ukianza kazi ukiwa nyumbani, hakuna jirani wa mezani wa kumnong'oneza swali. Mwombe msimamizi majina ya watu watatu ambao kazi yako itawategemea, na upange kuzungumza na kila mmoja robo saa ndani ya wiki ya kwanza. Ijumaa mtumie msimamizi mistari mitano: nilichomaliza, kinachoendelea, nilipokwama. Kisha fungua karatasi mpya na uandike siku yako saa kwa saa, kama ile ya kwanza, ukiwa bado unayaona mambo kwa macho ya mgeni.